Mwalimu Mwanarehema na Malalamiko ya Fundi wa Friji

Mwalimu Mwanarehema hawezi kusoma kitu asikisahihishe. Sisi majirani zake wa Mtongwe tumezoea. Ukimpelekea kadi ya harusi, ataipokea, atakupa hongera, kisha atauliza ni nani aliyeandika "tunakualika wewe pamoja na familia yako nzima yote". Siku moja alisimama mbele ya duka la Gona, akakisoma kibao cha "Mayayi na Maziwa", akakataa kununua hata kiberiti mpaka ile "y" ya pili iondoke. Gona aliikwangua kwa kisu yeye akiwa palepale anatazama.

Amefundisha Kiswahili katika shule moja ya huku kwetu kwa zaidi ya miaka thelathini. Wazazi wengi wa leo walipita mikononi mwake, na hofu waliyotoka nayo darasani wanayo mpaka sasa. Mtu mzima mwenye ndevu na wake wawili akimwona kwa mbali huvuka barabara, asije akaulizwa habari za ngeli.

Mwaka mmoja mwalimu mkuu, Bwana Dancun, alirudi kutoka semina na agizo kwamba kila mwalimu atumie teknolojia darasani. Bwana Dancun ni mtu wa bara, mpole, na anaogopa mambo mawili tu hapa duniani: ofisi ya elimu, na kitu cha shule kuharibika. Walimu wengine walipiga picha wakiwa wameinamia kompyuta, wakamtumia, mambo yakaisha. Mwanarehema hakuzoea kufanya kazi ya kuonyesha watu. Alimwendea Maxwell, mwalimu kijana wa kompyuta aliyetoka Kakamega, akavuta kiti.

"Madam, hii kitu ni rahisi," alianza Maxwell.

"Kitu hiki."

"Sawa. Kitu hiki ni rahisi. Unafungua blogu, unaandika swali lako, halafu watoi wanajibu hapo chini, penye maoni."

"Watoi ni nani?"

"Watoto, Madam."

"Haya, endelea."

Ikazaliwa blogu ya Gredi ya Nane. Maxwell alimwambia jambo moja lililomkaa moyoni: mtoto akijua kwamba atasomwa na mwalimu peke yake, huandika kwa ajili ya alama, akijua atasomwa na watu, huandika ili aeleweke. Mwanarehema alilipokea neno hilo kwa shaka, kwa sababu lilitoka kwa mtu aliyesema "hii kitu". Hata hivyo aliandika swali la kwanza: elezeni sauti za mtaani kwenu wakati wa jioni.

Kulikuwa na mvulana aitwaye Mansur, ambaye katika daftari hajawahi kuvuka nusu ukurasa. Huyo aliandika kwamba honi ya feri humgutusha babu yake usingizini, naye babu huamka akiuliza, "Nani amekufa?" Kesho yake shangazi wa Mansur, anayefanya kazi hotelini kule Shanzu, akaandika chini yake: "Mwanangu, babu yako alikuwa hivyo hivyo tangu mimi mdogo. Lakini hukusema kwamba huuliza akiwa ameshika kiatu." Mansur akarudi kwenye insha yake kwa hiari yake, akaongeza kiatu, akaongeza na babu anavyokitafuta kile cha pili.

Mwanarehema aliisoma mara kadhaa. Miaka yote ameandika pembeni mwa madaftari "ongeza maelezo", kwa wino mwekundu, na hakuna aliyewahi kuongeza hata koma. Shangazi mmoja wa Shanzu ameyapata kwa mstari mmoja! Tangu siku hiyo akaishika blogu kwa mikono miwili. Alikuwa akisahihisha humo kama anavyosahihisha daftari: anasifu, anakosoa, mwisho anatoa alama kwa ishirini, na kila mtu anaona.

Lakini shule haikuwa na vifaa vya watoto kuandikia. Ninaposema haikuwa navyo, ninamaanisha vilikuwepo. Tableti za msaada zilikuwa kabatini katika nailoni zake, na ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwa Bwana Dancun, aliyesema zisiguswe zisije zikaharibika. Kwa hivyo watoto waliandikia nyumbani, kwa simu za wazazi wao, na majibu yalikuja kwa majina ya wazazi. Mwanarehema aliyajua yote. "Mama Fancy" ni Fancy. "Carolyne Nguo za Mtumba" ni yule kijana wake mrefu. Na "Matano Friji na Baridi" ni Jalila, msichana hodari kuliko wote darasani, binti ya Matano anayetengeneza mafriji katika kibanda kando ya barabara ya feri.

Ndipo akatoa swali lililomponza. Aliwaambia wanafunzi waandike barua ya malalamiko kwa mwalimu, wakijifanya wazazi.

Majibu yalimiminika. Mengi yalikuwa ya kawaida: "Mimi kama mzazi mpendwa nalalamika sana." Jioni moja, Mwanarehema ameketi barazani na kikombe cha tangawizi, likaingia jibu la Matano Friji na Baridi. Lilisema hivi:

"Mwalim asalam alekum. Mimi ni mzazi. Uyu mtoto kila jioni ananyanganya simu eti kazi ya blogu. Simu ni ya kazi. Juzi mteja amepiga friji yake imekufa samaki wanaoza, mtoto anamwambia ngoja kwanza namalizia aya ya pili. Mteja ameita fundi mwengine. Nyinyi mnalipwa mufundishe shuleni sio mufundishe ndani ya simu zetu. Kama ni blogu nunua simu uwape. Mimi ndo nishasema sipendi unafki. Na ata zamani ulikuwa ukituchapa bure."

Mwanarehema alicheka mpaka tangawizi ikamwagika. Jalila, mtoto asiyekosea hata kituo, ameziacha "h" kwa makusudi! Akaandika chini yake papo hapo:

"Jalila, hongera sana. Hii ndiyo kazi bora niliyoisoma mwaka huu. Umemchora mhusika wako, baba mwenye hasira na elimu ndogo, mpaka nimemwona na kumsikia. Makosa ya tahajia umeyatumia kama mbinu, na yamemfaa. Hata umembunia chuki ya zamani dhidi ya mwalimu! Dosari ni moja: umetia chumvi. Mzazi wa kweli hawezi kusema upuuzi kiasi hiki. Alama kumi na saba kwa ishirini."

Akalala kwa furaha.

Asubuhi aliingia darasani na simu mkononi, akawasomea barua yote kwa sauti nzito ya kiume, akipandisha na kushusha. Darasa lilikuwa hoi kwa kicheko, ila Jalila, aliyekuwa amejifunika uso kwa buibui lake.

"Mwenye kipawa hiki asimame tumwone. Jalila!"

"Abee, mwalimu."

"Simama, mwanangu."

Jalila akasimama nusu. "Mwalimu, si mimi niliyeandika."

"Usione haya. Ni nani, basi?"

"Ni baba."

"Naam, ni baba. Ndiyo nasema, umemchora kweli kweli."

"La, mwalimu. Ni baba mwenyewe. Jana alinipokonya simu, mimi sikuandika kitu."

Kicheko kikakatika. Mwanarehema aliitazama simu, akamtazama Jalila, akaitazama tena simu, kisha akafanya jambo ambalo hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwona akilifanya wakati wa somo: aliketi. Mansur akanyoosha mkono kutoka nyuma.

"Mwalimu, sasa zile kumi na saba ni za nani?"

Wakati wa mapumziko alimkimbilia Maxwell afute. Maxwell akatikisa kichwa. "Madam, too late. Watu washapiga picha wakatumiana." Na ilikuwa kweli. Watu walikuwa wakipita mbele ya kibanda cha Matano wakimpungia mkono. "Fundi, hongera, kumi na saba!" Muuza muhogo wa jirani alimwita "mhusika" badala ya jina lake. Kondakta mmoja, mtu asiyemjua kabisa, alichungulia dirishani akamuuliza kama bado ana elimu ndogo.

Matano alifunga kibanda kabla ya adhuhuri, akachukua simu yake, akaelekea shuleni. Njiani alikuwa akiyapanga maneno. Ataanza na "wewe mwanamke", kisha atataja heshima, kisha atataja mahakama. Bwana Dancun alipomwona langoni, alimkimbiza ofisini, akaagiza chai, akatuma Mwanarehema na Maxwell waitwe. Matano aliweka simu yake mezani, akasubiri amesimama, kofia kichwani, kifua mbele.

Mlango ukafunguliwa, Mwanarehema akaingia.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Matano. Lilimtoka lenyewe.

"Marahaba. Kofia."

Akaivua, akaishika mbele yake kwa mikono miwili. Hapo akajiona alivyokuwa, akakasirika upya.

"Mwalimu, umeniita mhusika! Umesema upuuzi wangu umetiwa chumvi. Mimi sikutia chumvi. Ule ndio upuuzi wangu, yaani, wallahi, ule ndio ukweli wangu! Mimi nina watoto wanne na simu moja. Simu ile ndiyo duka. Mtu friji yake ikifa, hapigi mara mbili. Akipokewa na mtoto anayemwambia asubiri aya, ataniona mimi mtu wa mchezo. Simkatazi binti yangu kusoma. Nani amkataze? Namwona akiandika ninafurahi roho yangu. Lakini akichukua simu kumalizia kazi yako, amechukua mkono wangu wa kulia. Hukuniuliza. Ungeniuliza, tungepanga."

Aliyasema yote kwa pumzi moja. Bwana Dancun alikuwa ameshaanza kusema kwamba blogu itafungwa leo hii, kwamba shule inasikitika, lakini Mwanarehema alimnyamazisha kwa kiganja.

"Matano," alisema, "hayo uliyoyasema sasa yana mwanzo, kati na mwisho. Kwa nini hukuyaandika hivyo?"

"Kuandika ni kwingine, mwalimu."

Mwanarehema si mwepesi wa neno lililofuata. Maxwell anasema alimwona akilitafuta kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. "Niwie radhi, mwanangu. Nilikucheka nikidhani namsifu mtoto. Na hoja yako ni ya haki. Nimetumia simu za watu kama chaki ya serikali."

Matano hakuwa amejiandaa kwa hilo. Hasira ilimwishia ikamwacha amesimama na kofia tu. Akajikuna kisogo, akaangalia chini, kisha akatoa lile ambalo, nadhani, ndilo lililomleta.

"Basi na hizi kumi na saba... ni zangu kweli? Kwa sababu mke wangu ameshawaambia watu wa kwao Kwale."

Bwana Dancun alimkazia macho Mwanarehema. Macho yale yalikuwa yanaomba. Yalisema: mpe, Mwalimu, mpe tu aende zake. Maxwell naye akakohoa.

"Kumi na saba zilikuwa za kuigiza mtu asiyejua kuandika," alisema Mwanarehema. "Wewe hukuigiza. Hakuna anwani, hakuna kichwa cha barua, 'h' zote umeziacha nyumbani. Ni nne."

Chai ilimpalia Bwana Dancun.

"Nne!" alisema Matano.

"Nne. Na moja katika hizo ni ya samaki wanaooza, kwa kuwa nimewasikia harufu."

Midomo ilianza kumcheza Matano. "Darasa la sita ulinipa tatu," alisema. "Nimepanda." Akacheka mwenyewe kwanza, mabega yakitikisika, Maxwell akadakia, mpaka Bwana Dancun, aliyekuwa bado anajipangusa tai, akajikuta anacheka bila kujua kama imeruhusiwa.

Walipotulia, Mwanarehema alimgeukia mwalimu mkuu, akanyoosha kiganja kama anavyomnyooshea mtoto anayetafuna darasani.

"Bwana Dancun. Ufunguo."

"Ufunguo upi, Mwalimu?"

"Wa kabati."

"Zile zinahifadhiwa."

"Zinahifadhiwa zisije zikafanya nini?"

Bwana Dancun aliitazama simu ya Matano mezani, akamtazama Matano mwenyewe, mzazi aliyekuja na mahakama mdomoni akaondokea kucheka, akaona bahati kama hiyo haiji mara mbili. Akautoa ufunguo. Tableti zilipotolewa katika nailoni, nyingine zilikataa kabisa kuwaka, lakini zilizowaka zilitosha watoto wawili wawili. Tangu wiki hiyo Gredi ya Nane waliandika darasani, vichwa viwili kwa kioo kimoja, na ugomvi mkubwa uliokuwepo ni nani ashike, wala haukuwa wa tahajia. Jalila aliomba aandike ile barua ya malalamiko aliyoikosa. Alijifanya mzazi mpole, mwenye anwani na kichwa cha barua, akapata kumi na nane. Baba yake alipoonyeshwa alisema mzazi huyo hana ukweli wowote.

Matano mwenyewe hakutulia na nne zake. Siku kadhaa baadaye ikaingia barua nyingine kwenye blogu, ndefu, ina anwani ya kibanda na namba ya simu kwa wateja. Jalila aliapa darasani kwamba hakumsaidia. Alitaka, lakini baba alimfukuza akisema huo ni wizi wa mtihani. Mwanarehema aliisahihisha kwa utulivu, akampa kumi na tatu. Matano aliiweka picha ya alama hiyo mbele ya kibanda, chini ya bei za gesi ya friji.

Hapo ndipo wazazi wengine walipoingiwa na wivu. Carolyne, mama anayeuza nguo za mtumba, mtu wa Busia asiyependa kupitwa, aliandika malalamiko kuhusu mlango wa choo cha wasichana. Akapewa tisa, na mlango ukatengenezwa. Carolyne alifurahia mlango, lakini ile tisa ilimuudhi. Babu yake Mansur aliandika kuhusu honi ya feri. Kuna mtu wa Jomvu Kuu, ambaye hana mtoto shuleni kwetu wala hajulikani alifikaje, alilalamikia maji ya mfereji, akamalizia kwa kuomba alama. Mwanarehema akampa. Ilimbidi Maxwell afungue ukurasa maalumu wa wazazi, ili wanafunzi nao wapate nafasi.

Kisha Bwana Dancun akachapisha tangazo lake humo: "Wazazi wote mnaombwa kuhudhuria mkutano bila kukosa na kufika mapema kabla ya muda." Kabla jua halijatua watu walishaandika chini yake: Mwalimu, hii umeiruka. Mwalimu, na huyu je? Mwalimu, sheria ni moja.

Mwanarehema alijizuia. Yule ni mkubwa wake wa kazi. Alipita mlango wa ofisi akiangalia pembeni, na kalamu ikamwasha vidole. Mwishowe Bwana Dancun akamfuata mwenyewe chumba cha walimu.

"Mwalimu, watu wanauliza."

"Nimewaona."

"Basi nipe tu."

"Kumi na moja."

"Kumi na moja!" Alikaa. "Matano amenipita?"

"Umewaita watu mara tatu katika sentensi moja, kama mnadi. 'Wote', 'bila kukosa', 'mapema kabla ya muda'. Waambie siku na saa, uwaache."

Akaandika upya. Sijui kama ni tangazo jipya au ni udaku, lakini siku ya mkutano madawati hayakutosha. Watu walikaa madirishani. Bwana Dancun, aliyezoea kuhutubia kina mama wachache na mlinzi, alianza kusoma ajenda yake: ua wa shule, chakula cha mchana, matokeo ya muhula. Kabla hajafika kwenye ua, Carolyne alisimama.

"Mwalimu mkuu, kwa heshima. Mimi nataka nielezwe, mbele ya watu, Matano amepata kumi na tatu kwa lipi, na mimi tisa kwa lipi."

"Carolyne, leo tuna ua—"

"Ua hautoroki."

Ukumbi ukaitikia. Matano akasimama kujitetea, akiwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Mwanarehema akaitwa mbele, barua zote mbili zikasomwa kwa sauti, aya kwa aya, na watu waliokuwa wakivuka barabara wakimwona sasa walimkatiza, wakambishia, wakamuuliza kwa nini koma ile na si nukta. Alijaribu kukunja uso. Haukukunjika. Adhuhuri ilipoadhiniwa walikuwa bado kwenye aya ya tatu ya Carolyne, na Bwana Dancun akauahirisha ua hadi mwezi ujao.

Carolyne hakuridhika. Alimfuata Mwanarehema njia nzima, simu mkononi, akidai nusu alama kwa kile kichwa cha barua. Walibishana kando ya msikiti, wakabishana mbele ya kinu cha unga. Walipofika mlangoni, Mwanarehema alitafuta ufunguo huku akisema hapana, kichwa cha barua hakipigiwi mistari miwili, kisha akausukuma mlango kwa bega.

"Ingia," alisema. "Wali upo. Tumalizie ndani."